Hatua Kumi

Kwa mara ya tatu tangu Novemba, Dk. Curtis Lindahl alikuwa mbele ya kamati ya maadili, na kwa mara ya tatu Verna Koskela alikuwa akifuma huku anasoma fomu yake ya ridhaa ya wazazi. Leo sufu ilikuwa ya njano.

Dawa ilishafika, imo kwenye jokofu la hospitali. Watoto kumi na wawili walikuwa wakiingoja, misuli yao ikiisha wiki hadi wiki. Sharti la kuingia kwenye utafiti lilikuwa moja, na Lindahl mwenyewe ndiye aliyeliandika: siku ya kuanza, mtoto atembee hatua kumi bila kushikwa. Asiyefika kumi haingii.

Na kila mwezi Verna anarudisha fomu! Mwezi wa kwanza alilalamikia lugha. "Daktari, nimeisoma mara mbili na bado sijui kama mtoto anatibiwa au anajaribiwa." Mwezi wa pili akauliza, utafiti ukiisha, mtoto aliyepata nafuu ataendelea kupewa dawa na nani? Kanuni za kimataifa zinataka swali hilo lijibiwe. Lindahl alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana lilimuudhi zaidi.

Verna aliendesha basi la shule hapo mjini Duluth miaka thelathini. Kamati ilimhitaji kwa sababu sheria inataka mjumbe mmoja asiye mwanasayansi. Asipokuwepo, hakuna kura.

"Bibi anadhani bado yuko kwenye basi," Lindahl alimnong'oneza Marlys, muuguzi wake. "Kila kituo lazima asimame."

"Safari hii umemjibu yote. Atapitia wapi?"

Ni kweli, alikuwa amejibu yote, hadi nukta ya mwisho.

Mwenyekiti, Dk. Beaulieu, akauliza swali analofungulia kila kikao, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha kahawa. "Kuna mjumbe mwenye maslahi katika utafiti huu? Kama yupo, atupishe." Miaka yote ya kamati hiyo hakuna aliyewahi kusimama.

Verna akaweka sindano zake mezani.

"Mimi nawapisha."

Beaulieu akainua kichwa. "Verna, ukitoka hatuna kura. Mwenzako wa akiba yuko Arizona anaota jua mpaka Aprili."

"Najua."

"Kwani fomu ina tatizo?"

"Fomu sasa ni nzuri. Ni nzuri sana." Akakusanya sufu yake, akatoka.

Beaulieu akafunga jalada. Kikao kimevunjika, akasema, tuonane mwezi ujao.

Lindahl alimkuta Verna kwenye ukumbi wa nje, akihangaika na zipu ya koti lake zito. Hasira zilikuwa zimempanda. Maslahi gani? Hisa za kampuni? Hapana, bibi amekosa kosa la kukamata, akaona bora aharibu.

"Umefurahi sasa?" alifoka. "Miezi mitatu unanizungusha, na leo umeishiwa maswali, ukaamua kukimbia!"

"Sikukimbia, daktari."

"Kwenye karatasi zako wana namba tu. Mimi nawaona kwa macho! Namba kumi na mbili tumemwandikisha wiki iliyopita tu. Ana miaka sita. Ijumaa alitembea mbele yangu hatua kumi na moja, jasho linamtoka, na bado anacheka. Mwezi ujao hatafika kumi. Atakuwa nje ya utafiti, na mlango umeufunga wewe! Ungekaa kwenye kiti dakika tano tu, ukanyoosha mkono. Nani angekuuliza?"

"Hakuna ambaye angeniuliza," Verna alisema.

Aliacha kuhangaika na zipu. Kutoka kwenye mfuko alitoa ile sufu ya njano, akaitazama. Ilikuwa glavu ndogo, imebaki kufumwa kidole gumba tu, na ilienea vidole vyake vitatu tu.

"Ijumaa zilikuwa kumi na moja," alisema. "Leo asubuhi, kutoka jikoni kwangu hadi mlangoni, zilikuwa kumi."