Ubao wa Ezra

Walowezi walikubaliana mapema: mji wao utaitwa kwa jina la mtu wa kwanza kuzikwa hapo. Basi homa ilipomlaza Ezra, fundi wa magurudumu, wageni hawakukauka kwake. Walimletea supu na kumpima urefu kwa macho.

Siku ya nne akapona. Alijikokota nje na blanketi lake, akawakuta majirani wamezunguka shimo. Kando yake palikuwa na ubao uliochongwa: EZRA. Herufi zilinyooka kuliko nyumba zao zote.

"Nimepona, jamani."

Seremala alikuna kichwa. "Siku tatu nimechonga, Bwana Ezra."

"Si mngoje? Kufa nitakufa tu."

"Karani wa wilaya anafika kesho," mzee wa kanisa alisema kwa upole. "Akikuta mji hauna jina, makao makuu ya wilaya yanakwenda mji wa ng'ambo ya mto."

Ezra alimgeukia mkewe, Dorkasi. Alikuwa ndani ya gauni jeusi, limepigwa pasi vizuri.

"Rudi ukalale, mume wangu. Bado una joto."

Ezra alijigusa paji la uso. Lilikuwa baridi kabisa. Majirani walikuwa wameshavua kofia.