Kifaa cha Kupimia Hewa

"Simpiki!"

"Utampika."

"Tafuta mwingine. Huu uchafu mimi siutii mkono."

Kuku alikuwa chini, kati ya mpishi na shemeji yake, pale pale alipotupwa, mabawa yametawanyika vumbini. Shemeji mtu, kaka wa mumewe, ndiye mwenye shimo la madini. Wachimbaji walimwita Bosi akiwapo, na Kupe akishageuka.

"Uchafu gani, shemeji? Mkaguzi anakuja, unataka tumpe mawe atafune?"

"Mpe kiti. Mpe maji. Hili hapana."

"Kuku mwingine hakuna, na gari lake limeshaonekana pale chini." Kupe alishusha sauti, akajitia upole. "Akila, anagonga muhuri. Akigonga, kazi inaanza leo leo. Mumeo ndiye wa kwanza kushuka na wewe ndiye wa kwanza kufaidi."

"Mume wangu hashuki humo leo."

"Kwa nini?"

"Usiniulize unachokijua."

Mpishi alitupa jicho kwenye mdomo wa shimo. Pampu ya petroli ilikuwa imenguruma huko chini usiku kucha ikivuta maji, ikaja kuzimika yenyewe alfajiri. Sasa kapu la kamba lilikuwa limelala ubavu kando ya winchi, punje chache za mahindi zimemwagika. Wachimbaji walikaa mbali nalo. Walishasema hawashuki. Kupe akawajibu kwamba shimo likishapata muhuri ni shimo salama, na atakayegoma akatafute pengine pa kulala.

Mumewe alikuwa katikati yao, kichwani ana kofia ngumu iliyoletwa kwa ajili ya ukaguzi tu, bado ina nembo ya dukani. Hakujaliwa kumkatalia kaka yake. Siku zote alitangulia kushuka yeye, eti kwa sababu ni ndugu.

Kumwambia mkaguzi? Mpishi alishajaribu. Safari iliyopita alimweleza habari za nguzo zilizooza, akamletea hata kipande kilichomeguka mkononi kama mkate mkavu. Yule bwana alimsikiliza huku akichokonoa meno, akacheua, akaandika: salama. Mtu wa namna ile masikio yake yako tumboni.

"Unapika, na unanyamaza," Kupe alisema.

Mpishi aliinama, akamwokota kuku kwa mguu mmoja.

"Nitapika."

"Sasa ndiyo unaongea kama shemeji yangu!"

Kuhusu kunyamaza hakusema kitu.

Alimnyonyoa uso ukiwa pembeni, akamkata, akamwosha. Akamwosha tena. Maji yaliendelea kutoka mekundu. Mwishowe aliachana nayo, akatia vitunguu, nyanya, pilipili, na tangawizi nyingi kuliko kawaida yake. Mchuzi ulipochemka, harufu nzuri ikapanda, naye akaufunika haraka.

Siku nyingine wachimbaji wangeshajaa jikoni, kila mmoja na mzaha wake, huyu akidai shingo, yule akiapa kwamba firigisi aliahidiwa tangu juzi. Leo hakuja hata mmoja. Waligeuzia nyuso kando kama watu wanaopita karibu na choo kilichofurika.

Mkaguzi naye hakulisogelea shimo. Aliketi chini ya turubai, akalegeza mkanda tundu moja, akauweka muhuri mezani karibu na sahani.

"Kofia?"

"Wanazo, mkuu. Si unawaona?"

"Nguzo?"

"Mpya kabisa."

"Hewa ya chini?"

"Safi. Tumeipima leo asubuhi."

"Kwa kifaa gani?"

Kupe alikohoa. "Tuna kifaa chetu, mkuu. Kipo hapa hapa."

"Vizuri," mkaguzi alisema, akashika paja.

Mpishi alisimama kando na jagi la kunawia, akalazimika kuona yote. Mafuta yalimtiririka yule bwana hadi kwenye kiwiko. Alivunja mifupa kwa magego, akainyonya mpaka ikapiga mluzi, akarundika masalia juu ya fomu aliyotakiwa kuijaza. Nzi mmoja alitua kwenye kidevu chake, akashiba, akaondoka.

"Mbona wewe huli?" alimuuliza Kupe.

"Tumbo limenivuruga tangu jana, mkuu. Wewe kula tu, ni chako chote."

Akala chote. Akakomba mchuzi kwa kidole. Kisha akaifuta fomu kwa upande wa mkono, akauchukua muhuri na kuupulizia pumzi ya tangawizi ili wino uamke. Kule winchini, mume wa mpishi aliona dalili hiyo, akaanza kujifunga kamba kiunoni.

"Mama," mkaguzi alisema, muhuri ukiwa hewani, "machimbo yote ninayoyazunguka sijakutana na mkono kama wako. Huyu kuku alikuwa laini! Mmemchinja saa ngapi?"

Kupe alimtolea mpishi macho. Mpishi aliweka jagi chini.

"Hakuchinjwa, mkuu. Huyo ndiye kifaa. Tulimshusha shimoni asubuhi kwenye kapu akiwa mzima, tukampandisha kibudu."

Mkaguzi alilifunga shimo kabla hajamaliza kutapika.