Sahani Chini ya Kawa

Tangu mama apate kiharusi, anafuma soksi nene za sufu. Hapa Tanga, kwenye joto hili, nani atazivaa? Lakini ndiyo matibabu ya siku hizi: watafiti wa nchi mbalimbali huunganisha bongo za wagonjwa wao, na pengo la huyu likazibwa kwa kumbukumbu inayohama kutoka kwa yule. Ufumaji huo wa soksi umetoka kwa Mzee Arvid wa Norwei, mgonjwa aliyeunganishwa na mama.

Mimi nilitaka kujua nini cha mama kimekwenda huko.

Jana jioni Daktari Nyange, anayemtibu mama, alinipigia simu. "Saumu, hebu nisaidie. Yule mzee wa Norwei anaishi peke yake, lakini kila siku anapakua sahani ya pili, anaifunika, halafu anakaa kuutazama mlango. Wenzetu kule wameshindwa kuelewa. Kwenu kuna desturi hiyo?"

Nililitazama kawa letu la ukindu, limetundikwa ukutani, limeshika vumbi. Miaka yote niliyokuwa nikichelewa kazini, mama alinifunikia chakula kwa kawa hilo. Tangu augue, nikirudi nakuta vyombo vimeshaoshwa, naye hunikaribisha vizuri sana, kama mgeni.

Simu ilikuwa kwenye spika.

Mama alikuwa ameyasikia yote. Aliweka soksi mapajani, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini mzee wa watu," aliniambia. "Na huyo mwanawe, huchelewa wapi mpaka chakula kinapoa?"