Dirisha la Marehemu

Marehemu wa tatu asubuhi hiyo alirudishwa alikotoka kwa sababu picha zake hazikuonyesha masikio.

Okia alikuwa karani wa Dirisha la Marehemu, mpakani Busia, ambako roho za waliofia upande wa Kenya huomba ruhusa ya kuvuka kurudi kwao Uganda. Kazi hiyo alikuwa akiifanya mwaka wa sita sasa na bado ilimuuma moyo. Ndiyo maana hakuwahi kupandishwa cheo. Nyuma yake aliketi msimamizi, Madam Valarie, ambaye hakuna marehemu aliyewahi kumtoa chozi.

Wa nne alikuwa mwanamke mwembamba, amekumbatia mfuko wa dawa. Jina lake Aanyu.

"Nakwenda Tororo, afande," alisema. "Mtoto yangu iko hospitali. Homa imempanda kichwani."

Okia akamwomba cheti cha kifo. Hakuwa nacho. Barua ya kanisa hakuwa nayo. Alipoulizwa kaburi lake liko wapi, mwanamke aliinamisha kichwa akasema hajui. Okia alishawaona wa namna hiyo, waliokufa ghafla njiani wakabaki wameng'ang'ania kile walichokuwa wakikipeleka nyumbani.

Akageuka kumsihi msimamizi. Mtoto ni mgonjwa, na mama anataka tu kusimama kando ya kitanda chake. Madam Valarie, bila kuinua macho, akamkumbusha kwamba huruma haina kifungu katika kanuni. Asiye na cheti hajafa, labda alete shahidi aliyemwona akizikwa.

"Shahidi ni mimi," Okia akasema.

Kalamu ya msimamizi ikasimama. Okia, mzee wa kanisa kwao Kwapa, mtu asiyemdanganya hata mkewe, akaweka mkono juu ya Biblia ya ofisi akaapa: alimwona Aanyu akishushwa kaburini, alimtupia udongo kwa mkono wake mwenyewe, na maharage ya matanga aliyala, yalikuwa yamezidi chumvi.

"Basi achukuliwe alama ya kidole aende," Madam Valarie akaamua.

Okia akavuta karatasi. Vidole vya marehemu alivizoea: baridi kama ukungu, na alama yake ni unyevu mdogo unaokauka hata kabla ya muhuri. Akakishika kidole gumba cha Aanyu.

Kilikuwa cha moto. Kiganja kilitoka jasho, na mshipa wa mkono ulikuwa ukipiga mbio.

"Dirisha ya wazima nimesimama siku tatu," Aanyu akanong'ona. "Kitambulisho yangu ilipotea. Wamesema niende kwanza Tororo kuchukua ingine."

"Kuna tatizo hapo?" Madam Valarie akauliza.

Okia akakikandamiza kidole kwenye karatasi, akachukua muhuri.

"Hakuna, Madam," alisema, akaugonga. "Amekufa kabisa."