Chungu cha Kinyozi

Maharamia walimchukua Vuai, kinyozi wa mjini, akawashone majeraha. Siku ya tatu aliwaona wakipita mmoja mmoja mbele ya chungu, kila mtu akitumbukiza kokoto: nyeupe nahodha abaki, nyeusi aondoke. Nyeusi zikazidi. Nahodha akamkabidhi mwenzake upanga, akachukua bakuli, akapanga foleni ya wali kama wengine.

"Hamtamuua?" Vuai alimnong'oneza mpishi.

"Kwa kosa gani? Mwakani huenda tukamrudisha."

Walipomwachia, Vuai alirudi mjini, akaweka chungu kitupu kando ya kiti chake cha kunyolea, akawasimulia wateja aliyoyaona.

Ijumaa alikuja kunyolewa mtawala, aliyerithi kiti kwa babaye. Akachungulia chunguni.

"Kokoto nyeusi zote hizi ni za nini?"

Taratibu, Vuai akampaka povu mpaka midomoni.