Ubeti wa Mwisho wa Kuro

Zama zile wanyama walipotunga mashairi, Kuro, yule swala mkubwa wa kandokando ya maji, aliupenda mto kuliko malisho. Alishinda majini, magoti yakilowa, akiusifu mkondo.

Siku moja Mamba akamzibia njia. "Bwana mshairi, hebu nighanie kidogo kabla sijala."

Kuro akaghani huku akitetemeka: maji yateremkayo, maji yapindayo, maji yachezayo na mawe. Beti zikafuatana hata Mamba akasinzia.

Nguchiro akanong'ona kutoka ukingoni, "Toka, kaka! Amelala!"

Kuro akatazama. Woga ukamtoka, hasira zikampanda. "Amelala? Na ubeti mtamu bado?"

Akamgonga Mamba puani kwa kwato. "Wewe! Amka usikilize!"

Mamba akaamka na njaa yake. Ubeti ule haujasikika mpaka leo, na mto unapita tu, wala hauulizi.