Salamu za Bwana Clarrie

Saa mbili asubuhi mayai ya László yalikuwa yamekwisha kupoa, na mwenyewe bado hajarudi kutoka zamu ya usiku katika handaki la maji lililokuwa likichimbwa milimani.

Ilona akatoka nje kumtazamia. Majani yote ya mji wa Cooma yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda usiku. Langoni alisimama mtu ambaye hakumsikia akija, lakini alimtambua mara moja: Bwana Clarrie, mume wa mwalimu wake wa Kiingereza, yule wa kwenye picha juu ya meko, kavaa ovaroli ya wachimba handaki. Ovaroli yake ilichuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Alifurahi kumwona hatimaye. Miezi minne alikuwa akienda kusoma kwa Doreen, hajamkuta hata siku moja.

"Huyo ni late husband wangu," Doreen alimwambia siku ya kwanza, akiionyesha picha.

Late! Neno hilo la kuchelewa Ilona alilijua tangu wiki aliyoshuka melini. Treni late, barua late, yeye mwenyewe late darasani. Akacheka.

"Na wangu pia, mwalimu! Kila siku!"

Doreen hakucheka. Alimshika mkono, akasema, "Usiseme hivyo, mwanangu," kisha akafungua ukurasa mwingine.

Sasa Ilona alisogea langoni. "Karibu chai, Bwana Clarrie."

Bwana Clarrie akatikisa kichwa. Alisema polepole, kama mtu anayemchagulia mgeni maneno mepesi.

"László ni late, dada. Nimeona heri nije mwenyewe nikwambie."

"Ah, huyo! Nimeshamzoea. Asante kwa kujisumbua."

Bwana Clarrie akavua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani.

Ilona aliyafunika mayai kwa sahani, akaenda darasani.

"Mumeo mpole kweli," alisema akivua koti. "Amekuja kwangu leo, kalowa chapachapa."

Doreen alikuwa akimimina chai. Kikombe kikajaa, kikafurika, naye bado anamimina.

"Amesemaje?"

"Amesema tu László ni late."

Doreen aliweka birika chini. Akaichukua kamusi ya Kihungari ya mwanafunzi wake, akalitafuta neno, akamgeuzia kitabu. Maana ya kwanza ilikuwa ile ile ya treni na barua. Kidole cha Doreen kikashuka mstari mmoja, kwenye maana ya pili.

Marehemu.